Samli au Alizeti: Kipimo Kipi Kinafaa Pesa Yako?

Mwaka juzi nilipeleka samli maabara nikiwa na swali moja tu kichwani: imechanganywa na mawese au haijachanganywa? Pale mapokezi nikasema nataka "kipimo cha asidi za mafuta". Binti akaandika, nikalipa, nikaondoka. Baada ya wiki nikapewa karatasi yenye namba moja: asidi huru, asilimia 0.4. Maana yake samli ilikuwa haijachacha. Hilo nililijua tangu nyumbani, kwa pua.

Sikuibiwa, niliagiza vibaya. Na kosa hilo linawatokea wengi, hasa wasindikaji wadogo ambao mteja wa hoteli au wa supamaketi amewaambia ghafla: "Leta cheti cha asidi za mafuta kabla ya mwisho wa mwezi." Kama wewe ni mmoja wao, soma kabla hujatoa hela.

Mafuta yote, ya ng'ombe au ya mbegu, yamejengwa kwa asidi za mafuta zilizoshikana tatu tatu kwenye gliserini. Zinapoachia na kuelea zenyewe ndipo zinaitwa asidi huru. Kipimo chake ni cha bei ndogo, na kinakuambia mafuta yametunzwaje. Muundo wa asidi za mafuta ni habari nyingine: ndani mna asidi zipi, na kila moja ni asilimia ngapi. Huo ndio unaokuambia mafuta yametoka kwa ng'ombe, kwenye mchikichi, kwenye alizeti au kwenye mnazi. Kipimo chake ni kromatografia ya gesi, na bei yake ni mara kadhaa ya kile cha kwanza. Ukifika dirishani taja jina zima, na uliandike kwenye fomu kwa mkono wako.

Na kama unachotaka kujua ni kwamba mafuta yamezeeka au bado, muundo hautakusaidia hata ukilipa mara mbili. Omba asidi huru na namba ya peroksidi, uondoke na chenji.

Anza na vya bure

Kwa samli, kipimo cha kwanza ni kalamu. Maziwa yenye mafuta asilimia 4 yanatoa kilo moja ya samli kwa kila lita 25 hivi, tena kama hakuna kilichopotea njiani. Ng'ombe wa asili hutoa maziwa mazito zaidi. Tukadirie lita 20. Sasa chukua bei ya lita ya maziwa kijijini, zidisha kwa 20. Toa kile ambacho mtengenezaji anaweza kupata kwa kuuza mtindi uliobaki. Kama kilo ya samli unayouziwa iko chini sana ya hapo, uliza anafidia wapi. Hesabu hii haithibitishi wizi, lakini nimeona ikiwafanya madalali wawili wakumbuke ghafla kwamba wana safari.

Cha pili ni iodini ya duka la dawa, ile ya kupaka vidonda. Chemsha kijiko cha samli na maji kidogo, acha ipoe, dondoshea tone. Ikigeuka bluu, ndani mna wanga: kiazi kilichopondwa au unga. Chupa moja inakutosha mwaka mzima. Ila haioni mafuta ya mimea hata kidogo, kwa hiyo ukikosa bluu usishangilie.

Kwa mafuta ya alizeti tumia friji. Weka glasi usiku kucha. Alizeti iliyosafishwa vizuri inabaki maji. Iliyotiwa mafuta ya mawese, hata yale meupe mepesi yanayouzwa kwa kupima dukani, inaanza kuota mawingu na kuganda chini. Tahadhari moja: alizeti ya kukamua mashine za mtaani, isiyosafishwa, ina nta yake ya asili ambayo nayo huleta ukungu kwenye baridi. Mkamuaji wa Singida asihukumiwe kwa friji peke yake.

Kuyeyusha samli kiganjani achana nako. Joto la mwili ni nyuzi 37, na mafuta ya mawese nayo huyeyuka hapo hapo.

Kwa mama anayenunua nusu kilo ya samli kwa ajili ya pilau ya sikukuu, hadithi inaishia hapa. Usilipie maabara. Tumia kalamu, tumia iodini, nunua kwa mtu unayeweza kumrudia.

Samli: tafuta asidi moja tu

Ukitaka kuuza au kununua kwa madebe, ndipo maabara inapoingia. Na hapa samli imekupa bahati. Mafuta ya maziwa yana asidi za aina nyingi mno, wataalamu wamehesabu zaidi ya 400, lakini unayoihitaji ni moja: asidi ya butiriki. Ni fupi, ina kaboni nne tu, na ndiyo inayotoa ile harufu kali siagi inapoharibika. Katika mafuta ya maziwa ya ng'ombe huwa kama asilimia 3 hadi 4. Katika mawese, alizeti, pamba au soya haimo. Hata nazi, yenye asidi fupi nyingi, haina ya kutajika.

Kuna njia mbili za kuifikia, na tofauti ya bei ni kubwa.

Ya kwanza ni ya zamani: namba ya Reichert-Meissl. Reichert aliitangaza mwaka 1879, Meissl akaiboresha, na hadi leo inafanya kazi. Gramu 5 za mafuta zinageuzwa sabuni, zinatiwa asidi, zinachemshwa, na zile asidi fupi zinazopanda na mvuke na kuyeyuka kwenye maji zinapimwa kwa matone ya alkali. Vifaa ni vya kioo na jiko, hakuna mashine ya mamilioni. Samli safi ya ng'ombe hutoa namba ya 24 na kuendelea, mara nyingi karibu na 28. Nazi hutoa 6 hadi 8. Kwa mawese na alizeti haifiki hata 1.

Fanya hesabu mwenyewe. Samli ya 28 ikichanganywa nusu kwa nusu na mawese itashuka hadi 14. Ikichanganywa na nazi, 17 na nusu. Mwizi wa nusu kwa nusu hana pa kujificha.

Kasoro yake ni kwamba mwizi wa asilimia 10 anapita. Samli ya 28 iliyotiwa asilimia kumi ya mawese inasoma 25, na 25 ni samli halali kabisa. Malisho nayo yanaisogeza namba: ng'ombe anayelishwa mashudu mengi ya pamba hutoa mafuta yenye namba ya chini, kiasi kwamba India imewahi kuweka kiwango cha chini zaidi kwa samli ya maeneo ya pamba. Tena ni kipimo cha mkono. Umbo la chupa na ukali wa moto vinabadilisha jibu, kwa hiyo mpe fundi anayekifanya mara kwa mara. Usimpe anayefungua kitabu siku hiyo kwa ajili yako.

Njia ya pili ni kromatografia ya gesi. Ilianzishwa mwaka 1952 na Waingereza James na Martin, na kazi yao ya kwanza ilikuwa hizi hizi asidi za mafuta fupi. Mafuta yanageuzwa kuwa esta za methili kwa kutumia methanoli, yanadungwa kwenye bomba jembamba kama uzi lililozungushwa ndani ya tanuri, na kila asidi inatoka mwisho wa bomba kwa zamu yake. Unapata orodha nzima kwa asilimia.

Hapa kuna mtego ambao bei haikuonyeshi. Esta ya butiriki ni nyepesi, inaruka hewani haraka. Maabara iliyozoea mafuta ya kupikia huenda ikachemsha sampuli yako au kuikausha kama inavyofanya kwa alizeti, na asidi ile uliyoilipia ikatoka na mvuke. Unapewa cheti kinachosema butiriki asilimia 1.5, mnunuzi anakuita mwongo, na samli yako ni safi kama ulivyoitengeneza. Uliza mapema kwa lugha nyepesi: "Mnapopima mafuta ya maziwa, mnaandaaje sampuli ili butiriki isipotee?" Anayejua atakuambia kwamba wanatumia alkali kwenye joto la kawaida, bila kukausha, na kwamba wanasahihisha usomaji wa asidi fupi. Anayekujibu "ni ile ile tu" usimwachie hela.

Jambo lingine la kutuliza moyo. Cheti cha samli kikionyesha mafuta ya trans asilimia 3, usidhani umeuziwa mafuta ya kiwandani yaliyogandishwa. Tumbo la ng'ombe linatengeneza trans zake lenyewe, na asilimia 2 hadi 5 kwenye mafuta ya maziwa ni kawaida. Lile lengo la gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta linalohimizwa na Shirika la Afya Duniani linahusu trans za viwandani. Ila kuzitenganisha aina za trans kunahitaji bomba refu, la mita 100, na kila sampuli inakaa mashineni zaidi ya saa nzima. Ndiyo maana bei inapanda. Kama mteja wako hajataja trans, usilipie bomba refu.

Hukumu yangu kwa samli: anza na Reichert-Meissl kwa kila mzigo mpya. Lipa kromatografia mara moja kwa msimu, au siku mnunuzi anapobisha. Mnunuzi akitaka kukamata mchanganyiko mdogo, chini ya asilimia 10, hata orodha ya asidi haitoshi. Kuna kipimo kingine cha trigliseridi nzima, ISO 17678, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Mwambie mnunuzi: ukikitaka, kilipie wewe.

Kuna wanaouza wazo la kupima kwa mwanga, yaani kipimo cha kupinda kwa miale. Ni cha haraka na cha bei ndogo, lakini kina udhaifu mmoja mbaya. Samli ikiwa nyuzi 40 husoma kati ya 1.453 na 1.457. Nazi husoma chini ya hapo, mawese juu kidogo. Mjanja akichanganya nazi na mawese kwa vipimo, anaangukia katikati, kwenye samli. Na kile kipimo cha mkononi cha wafugaji nyuki, cha kupimia sukari ya asali, usijaribu kukitumia kwa kazi hii.

Alizeti: hapa mashine inastahili hela yake

Kwa mafuta ya mbegu mambo yanageuka. Kipimo cha bei ndogo ni namba ya iodini, kinachoonyesha mafuta yana asidi zisizoshiba kiasi gani. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaipa alizeti ya kawaida 118 hadi 141. Mafuta mepesi ya mawese huanza 56. Ukipata 93, umeuziwa nusu kwa nusu.

Au siyo? Kuna mbegu za alizeti zilizozalishwa ziwe na asidi ya oleiki nyingi, na namba yao ya iodini kwa haki kabisa ni 78 hadi 90. Alizeti iliyokomaa kwenye joto kali nayo huegemea upande huo. Mkulima wa Dodoma anaweza kushtakiwa kwa jua lake.

Kromatografia inamaliza ubishi huo kwa asidi moja, ya palmitiki. Alizeti ina asilimia 5.0 hadi 7.6, iwe ya mbegu ya kawaida, iwe ya jua kali. Mafuta mepesi ya mawese yana kama 40. Tia asilimia 10 tu ya mawese kwenye alizeti ya 6, palmitiki inapanda hadi 9.4. Tia 20, inafika 12.8. Mwizi wa soya naye anajulikana, kwa kuwa soya ina asidi ya linoleniki asilimia 4.5 hadi 11, wakati alizeti haivuki 0.3.

Na raha yake ni kwamba kipimo cha mafuta haya ni chepesi: bomba la mita 30 linatosha, sampuli haina asidi ya kuruka, na fundi wa kawaida anaiweza. Usikubali kutozwa bei ya samli kwa alizeti. Kama unanunua tani kwa ajili ya kujaza chupa zenye jina lako, hiki ndicho kipimo cha kwanza kukilipia, na namba ya iodini iwe ya kila wiki.

Tukiwa bado kwenye mafuta ya jumla: angalia kama unanunua kwa lita au kwa kilo. Lita moja ya mafuta ina uzito wa kilo 0.92 hivi. Dumu la lita 20 lina kilo 18.4. Anayekuuzia "dumu la ishirini" kwa bei ya kilo 20 amekula kilo moja na nusu yako bila kuchanganya kitu chochote. Maabara haitalikamata hilo. Mizani italikamata.

Gharama ambazo hazimo kwenye orodha ya bei

Bei ya ukutani ni ya sampuli moja. Uliza: inapimwa mara moja au mara mbili? Ina VAT ndani? Cheti chenye muhuri ni bei hiyo hiyo? Nakala ya pili? Haraka inatozwa kiasi gani? Na wakikosea, marudio ni kwa gharama ya nani? Kuna maabara zinazoorodhesha kila asidi kama kipimo chake, na orodha ina asidi thelathini na kitu. Kubaliana bei ya kifurushi kabla hujaacha chupa.

Halafu ithibati. Cheti cha ISO/IEC 17025 hakiwekwi kwa maabara nzima kama rangi ya ukuta. Kinataja kipimo kimoja kimoja. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya maji na isiwe nayo ya mafuta. Omba ukurasa wa orodha ya vipimo, au angalia kwa chombo kinachotoa ithibati, kama SADCAS kwa upande wa Tanzania na KENAS kwa Kenya. Kama mnunuzi wako yuko nje ya nchi na cheti hakina ithibati kwa kipimo hicho, atapima upya, na gharama itakatwa kwako.

Msindikaji mdogo wa Tanzania apite kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, kabla ya kwenda peke yake. TBS, shirika la viwango, ina utaratibu wa kuwapunguzia mzigo wajasiriamali wadogo wanaotafuta alama ya ubora, na barua ya SIDO ndiyo ufunguo. Kuna watu wamelipa kutoka mfukoni kwa kuwa hawakuuliza.

Gawanya gharama kwa mzigo. Tuseme, kwa mfano tu, kila kitu hadi cheti mkononi kimekula shilingi 300,000. Ukiwa na lita 100, kila lita imebeba 3,000, na hapo umefanya biashara ya maabara. Ukiwa na lita 2,000, kila lita imebeba 150. Wenye mizigo midogo ungeni: watu watano wa kijiji kimoja, ng'ombe wa malisho yale yale, sampuli moja ya pamoja. Ila mkiungana, mmoja akichanganya anawaangusha wote watano, kwa hiyo chagueni wenzenu.

Na mashine yenu wenyewe? Hapana. Nimeulizwa na ushirika mmoja uliopata ofa ya kromatografu iliyotumika. Bei ya kununulia ilikuwa ya kuvutia, na ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote zilizofuata: mitungi ya gesi, hidrojeni ya kuwashia moto wa ndani, bomba jipya kila linapochoka, chupa za esta sanifu za kulinganishia, kifaa cha kutuliza umeme, na fundi wa kusafirishwa. Heliamu peke yake imepanda bei hadi maabara nyingi duniani zimehamia gesi nyingine. Ushirika usiopima kila siku hauna sababu ya kumiliki kitu hiki. Vipimaji vidogo vya mkononi vya miale ya infraredi navyo vinahitaji kufundishwa kwanza kwa samli za kwenu, mamia ya sampuli zilizopimwa kwa njia halisi. Bila hilo vinakisia.

Jinsi ya kujaza chupa

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloharibu hela nyingi kuliko yote. Samli ikipoa inajitenga: punje ngumu chini, majimaji juu, na muundo wa asidi wa juu si wa chini. Ukichota kijiko cha juu umepeleka samli nyingine. Yeyusha debe lote kwa moto mdogo, hadi nyuzi 50 au 60, koroga vizuri, ndipo uchote. Chota kutoka madebe kadhaa, changanya.

Tumia chupa ya kioo cha kahawia, safi na kavu kabisa, uijaze hadi shingoni ili hewa isibaki. Chupa ya maji ya plastiki hapana, mimi nilishafanya hivyo. Funga, weka mbali na jua, na usiiache kwenye dashibodi ya basi la Tanga.

Jaza chupa tatu kutoka chungu kimoja siku moja. Zitie zote lakiri, andika tarehe na namba ya mzigo, wewe na mnunuzi mtie sahihi. Moja iende maabara, moja achukue mnunuzi, na ya tatu ibaki kwenye friji yako. Usiitoe humo mpaka hela yote imeingia.